Karamu ya Adelfina

Ukitaka kumjua Adelfina Ntakirutimana wa Mugoma, wilayani Ngara, anza na ulimi wake. Ulimi huo haukuwa na ugomvi na herufi yoyote ila moja, nayo ni l. Katika Kihangaza cha kwao r ndiyo mwenye nyumba, l ni mpita njia tu, na mtoto aliyelelewa hivyo akifika shuleni, Kiswahili humtoka kama mdomo ulivyozoea. Darasa la kwanza Adelfina alisema "rabda", akasema "kurara", akaomba "karamu" ya kuandikia, na mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake arudie ili wacheke vizuri. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Murukulazo, hukohuko Ngara, na nyumbani kwake naye alikuwa "akirara" kama majirani zake wote. Nyani haoni kundule.

Watu husema kuchekwa kunazoeleka. Wanaosema hivyo ni wale wanaocheka. Adelfina hakuzoea, alijifunza kunyamaza, na kunyamaza kukamfanya aonekane ana maringo. Kuandika hakukumpa shida sana, kwani kwenye karatasi mtu hupata nafasi ya kujikagua, ingawa akiwa na haraka au furaha nyingi mkono wake ulifuata ulimi. Ndiyo maana alipokutana na kompyuta, chuoni Mwanza, aliipenda mara moja. Kompyuta ukikosea inakataa, basi. Haiwaiti wenzake waje wakuone.

Baada ya masomo alipata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo cha ufundi mjini Biharamulo, na hapo ndipo alipomkuta Ngassa Malongo. Ngassa alikuwa mwalimu mwenzake, mtoto wa Nyabusozi, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Ulimi wake ulikuwa kinyume cha ule wa Adelfina, maana Kisukuma kilimnyima r. Siku ya kwanza walipokaa meza moja kwenye mgahawa, Adelfina aliagiza "wari", Ngassa akaagiza "mahalage", wakatazamana, wakaangua kicheko hadi mhudumu akadhani anachekwa yeye. Ngassa akasema kwamba wao wawili wakikaa pamoja wanapata Kiswahili kimoja kizima. Ilikuwa mara ya kwanza maishani Adelfina kuucheka ulimi wake mwenyewe, na kwa hilo tu angempa Ngassa chochote alichoomba.

Sasa kazi yao. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu za kompyuta ana pande mbili za kuhangaika nazo. Upande mmoja ni kihariri, yaani pale anapoandika maelekezo yake mstari kwa mstari. Upande wa pili ni dirisha jeusi lenye maandishi meupe ya Kiingereza, na humo ndimo anamoviita vifurushi: kazi ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa na wengine, kama kupanga tarehe au kuchora ramani, ambazo hana haja ya kuzianza upya. Humo humo ndimo anamojenga, yaani anaviunga vifurushi hivyo na maandishi yake viwe kitu kimoja kinachofanya kazi. Mzoefu huruka kutoka upande huu kwenda ule bila kufikiri. Kijana aliyegusa kompyuta juzi, dirisha jeusi likimtapikia Kiingereza kirefu, anafunga mashine anaenda kunywa chai, na wengine hawarudi. Intaneti nayo ilikuwa ya kubahatisha. Darasa zima likiviita vifurushi kwa pamoja, mtandao unakata, na somo linaishia hapo.

Adelfina akaamua kuifuta safari hiyo ya kwenda na kurudi. Akatengeneza kiunganishi, kipande cha programu kinachokaa ndani ya kihariri chenyewe. Mwanafunzi akitaja kifurushi anachokitaka na kuhifadhi kazi yake, kiunganishi kinakwenda chenyewe kukitafuta, kwanza kwenye kompyuta ya pembeni mwa darasa ambayo Adelfina aliigeuza ghala, kisha ndipo mtandaoni. Kikikipata kinajenga. Pakiwa na kosa, kinapiga mstari mwekundu palepale na kulieleza kwa Kiswahili. Dirisha jeusi halionekani tena. Kazi hiyo aliifanya likizo nzima, wenzake walipokuwa makwao.

Tusimwonee Ngassa: naye alisaidia. Kompyuta kuukuu za chuo zilitumia kihariri cha aina nyingine, na yeye ndiye aliyekifanya kikubali kiunganishi hicho. Lakini nyumba ilikuwa ya Adelfina. Ngassa aliongeza mlango wa uani.

Jambo moja Adelfina alilifanya kwa moyo kuliko mengine yote. Chuo kilikuwa na vifurushi vyake vya Kiswahili vya kufundishia, kimoja kikiitwa kalenda, kingine ramani. Vijana wa Kihangaza waliandika "karenda". Vijana wa Kisukuma waliandika "lamani". Kompyuta, ambayo haijui habari za makabila, iliwajibu wote kwamba hakuna kitu kama hicho. Adelfina akakifundisha kiunganishi: jina likikosekana, jaribu r penye l na l penye r kabla hujakata tamaa. Na likipatikana, usimkaripie mtu. Muulize tu, "Je, ulikusudia kalenda?" Muulize kwa adabu, bila jirani yake kujua. Mara ya kwanza swali hilo lilipotokea kwenye skrini ya mwanafunzi, Adelfina alitoka nje, akasimama nyuma ya darasa, akalia. Ndivyo alivyokuwa akitamani kuulizwa tangu darasa la kwanza.

Kwao Mugoma, mama yake, Scholastika, hakuwa ameelewa hata siku moja binti yake anafanya nini. Aliposikia neno vifurushi alifurahi, kwa sababu hilo alilijua. Vifurushi ni vya simu, vya kupigia na vya intaneti, na vinauzwa.

"Shikamoo, mama," Adelfina alikuwa akimwamkia kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Vifurushi vinatoka?"

"Mama, si vya simu."

"Haya. Rakini ukipata cha wiki unitumie."

Wanawake wa jumuiya ya kanisa nao wakalidaka. Wakasema binti wa Scholastika kasoma mpaka Mwanza, kaishia kuuza vocha. Maneno hayo yalimfikia Adelfina, maana neno la kuumiza halikosi mbebaji. Yalimchoma kwa ajili ya mama kuliko kwa ajili yake. Mama alikuwa amelima mashamba ya watu ili yeye asome, na sasa aliketi kanisani miongoni mwa watu waliomhurumia. Kuanzia hapo Adelfina alitaka jambo moja tu duniani: siku moja mama yake aketi mbele ya watu, asikie mtu mwenye kuaminiwa akitaja jina la binti yake na kusema kazi hii ni yake. Kueleza mwenyewe kulikwisha kumshinda. Alitaka aelezewe.

Kiunganishi kilipokamilika alikiita Kalamu, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichochekewa. Akakipandisha kwenye soko la mtandaoni ambako watu wa dunia nzima hujichukulia viunganishi vya vihariri vyao bure. Sharti lake lilikuwa moja. Chukua, badili, gawa upendavyo, ila mstari wenye jina la aliyekiandika usiufute. Na kwa furaha ya siku hiyo, mkono ukafuata ulimi. Penye jina aliandika Karamu, na soko lile jina likishasajiliwa halibadilishwi.

Ngassa alipoona alicheka hadi akakaa chini. "Fina! Umewaalika watu pilau!"

Adelfina naye alicheka, kisha akakumbuka darasa la kwanza, akaacha. Ngassa akamwona, akamshika bega.

"Usijali. Mimi nitasajili jina lenyewe. Anayetafuta Kalamu atafika kwangu, na mimi nitamleta kwako."

Adelfina akamshukuru kwa moyo wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, alijiambia, akarudi kufundisha.

Ngassa hakumleta mtu. Watu walitafuta Kalamu, kwa kuwa ndilo neno lenye maana kwa mwenye kuandika, wakaikuta ya Ngassa, na ndani yake kulikuwa na kazi ileile, nukta kwa nukta. Ngassa akasifiwa, akaalikwa kwenye mikutano, akapata wafadhili, akahamia Mwanza. Karamu ya Adelfina ilibaki na wanafunzi wake, pamoja na mtu mmoja aliyemwandikia kuuliza kama inapanga pia ratiba za harusi. Yote hayo Adelfina aliyavumilia, kwa sababu aliamini mstari wenye jina lake upo. Alikuja kuufungua msimbo wa Ngassa, yaani maandishi ya ndani ya programu, siku alipokuwa anatafuta chanzo cha kosa la mwanafunzi mmoja. Pale palipokuwa na jina lake pameandikwa: Ngassa Malongo, mwanzilishi.

Akampigia simu.

"Ngassa, jina rangu riko wapi?"

"Dada, ni mambo ya wafadhili tu hayo. Wanataka mtu mmoja wa kuongea naye." Ngassa aliongea kama mtu anayembembeleza mtoto. "Usiwe na halaka. Uzinduzi wa Kalamu tunakuja kufanyia hapohapo Bihalamulo, kazi ilipozaliwa. Siku hiyo jina lako litatajwa mbele ya watu wote. Mlete na mama."

Wenzake aliosoma nao walimshauri apige kelele mtandaoni, aoneshe tarehe, aoneshe nakala yake ya kwanza. Ushahidi ulikuwepo wa kutosha. Adelfina akakataa. Alisema Ngassa ameahidi, na mstari kwenye skrini mama yake asingeweza kuusoma hata ungerudishwa. Alichotaka ni kutajwa kwa mdomo, ukumbini, mama akisikia. Mimi ningepiga kelele mpaka koo likauke. Lakini mimi sikuwahi kusimamishwa mbele ya darasa.

Siku ya uzinduzi mama Scholastika alikuja na basi kutoka Ngara akiwa amevaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kile cha sikukuu, na kilemba kilichopigwa pasi. Walipata viti katikati ya ukumbi wa chuo. Nyuma, uani, mbuzi walikuwa wanachomwa, na harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kuingia ndani kabla ya wageni. Ngassa alipita akiwa na suti, akawaona, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mungu akubariki."

Mama akambana Adelfina mkono, akamnong'oneza kwamba kijana yule ana heshima.

Ngassa akapanda jukwaani. Kwenye skrini kubwa akafungua kihariri, akaandika herufi moja moja ili kila mtu aone: karenda. Akahifadhi. Swali likatokea, kubwa, ukutani: Je, ulikusudia kalenda? Ukumbi ukapiga makofi. Mgeni rasmi akageuka kumtazama mfadhili, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

"Sehemu hii," Ngassa akasema kwenye kipaza sauti, "niliiandika kwa machozi. Mimi ni mtoto wa kijijini. Nilichekwa shuleni kwa sababu ya ulimi wangu. Nikaapa, mwanafunzi wangu hatachekwa tena."

Makofi yakazidi. Mama Scholastika naye akapiga, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri. Adelfina hakupiga. Kwamba angeibiwa kazi, hilo alikuwa ameanza kulizoea. Huyu mtu alimwibia mpaka kidonda.

Hata hivyo alisubiri. Ngassa akaanza shukrani. Akamshukuru mgeni rasmi, akawashukuru wafadhili, mkuu wa chuo, mafundi wa umeme, wapishi. Adelfina alikuwa amesogea mbele ya kiti, mgongo wima, kama mtu anayengojea kuitwa mbele kupokea cheti. "Na walimu wote," Ngassa akamaliza, "walioshiliki kwa namna moja au nyingine." Akafunga kompyuta. "Sasa ndugu zangu, kalibuni kwenye kalamu!"

Hakuna aliyecheka. Watu wazima na akili zao walikaribishwa kwenye kitu cha kuandikia, wakainuka kwenda kula, wala hakuna hata aliyetabasamu. Mwenye pilau hakosei herufi.

Adelfina akasimama. Hakuwa amepanga kusimama, miguu ilimwinua.

"Hapana!" alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu utoto. "Karamu ni yangu!"

Ukumbi ukamgeukia. Na hasira ikimshika Adelfina, l zote humkimbia. Alilijua hilo, akajitahidi, akaivuta ile herufi kwa ulimi mzima kama mtu anayevuta ndoo kisimani, ikaja vilevile.

"Karamu ni yangu! Ni mimi niriyeiandika!"

Neno la mwisho halikusikika. Kicheko kilikuwa kimekwisha kupasuka, kikaanzia meza ya mbele, kikaenda mpaka milangoni. Mshereheshaji, mtu wa kukodiwa aliyelipwa kwa kuchekesha, hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Jamani, dada ana njaa! Dada anasema karamu ni yake! Basi tusimnyime, karamu ni ya dada. Apewe sahani ya kwanza! Makofi kwa mwenye karamu!"

Watu wakampigia makofi. Ni wale wale, mikono ileile ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa imeipigia mashine kwa kuuliza swali lake la adabu. Ukumbi mzima ulijaa watu wenye Kiswahili chao na elimu zao, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia akamuuliza, "Je, ulikusudia kalamu?" Mmoja tu hakuhitaji kuuliza. Ngassa alijua kabisa alichokusudia. Adelfina alimtazama, na Ngassa akamtazama kwa muda mfupi. Kisha akatabasamu, akapiga makofi pamoja na wengine.

Sahani ikaletwa, imejaa, nyama juu. Ikawekwa mikononi mwake kabla ya ile ya mgeni rasmi, na watu wakacheka tena kwa wema, kama wanavyochekewa watoto. Adelfina akaketi nayo mapajani. Hakuweza kula wala kuirudisha. Mama akaichukua taratibu, akaanza kula, akimsukumia vipande vya nyama kwa kidole.

"Kura, mwanangu. Kura, usione haya."

Jioni Adelfina akamsindikiza mama, wakapanda gari kurudi Ngara. Lilisimama Lusahunga, Rusahunga kama mama alivyoiita, kungoja abiria wanaoshuka kwenye malori. Mapajani kwa mama kulikuwa na nyama aliyoifunga katika jani la mgomba, ya kuwaonesha wenzake wa jumuiya. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo Adelfina hakuwa ameiona tangu baba afe.

"Kumbe ndiyo haya," mama akasema. "Wakafanya karamu, wakasema mbere ya watu wote ni yako, ukapewa sahani kabra ya wakubwa. Waseme tena unauza vocha! Jumapiri nitawaambia baada ya misa."

Adelfina akageukia dirishani. Angeweza kumwambia. Alikuwa na njia nzima ya kumwambia, na mama angeelewa, kwa sababu kuibiwa si jambo linalohitaji shule. Akautazama mkono wa mama juu ya lile jani.

"Na yure kijana wa jukwaani, yure mwenye heshima," mama akauliza. "Yeye ni nani?"

"Yeye ndiye mwenye kalamu," Adelfina akajibu. L ikatoka safi, laini, bila kukwaruza, kama ya mtangazaji wa redio. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama, ambaye masikio yake hayakuwahi kuzitenga herufi hizo mbili, akashangaa.

"Mbona wamesema karamu ni yako?"

Gari likawashwa. Adelfina akachukua kipande cha nyama kwenye jani, kimekwisha kupoa, akakitafuna, akakimeza.

"Ni yangu, mama," akasema.